Kila Mtoto Hurudi Nyumbani Jioni

Homilia ya Sikukuu ya Familia Takatifu
Injili: Luka 2:41-52

Wapendwa wasikilizaji, ndugu zetu katika Kristo, popote mlipo asubuhi hii: mlio majumbani, mlio vitandani hospitalini, nanyi mlio njiani kuelekea kanisani. Leo Mama Kanisa anaadhimisha sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Sikukuu hii inatukuta katika siku ambazo wazazi wengi wanahesabu fedha za sare na za madaftari, kwa maana bado kitambo kidogo tu milango ya shule ifunguliwe tena. Ndiyo sababu tumependa kutafakari pamoja nanyi jambo moja: uhusiano mwema kati ya mwalimu, mzazi na mwanafunzi. Tutasema hasa na walimu. Nanyi makatekista msidhani kwamba hamumo. Anayemfundisha mtoto sala ya Baba Yetu ni mwalimu sawa na yule anayemfundisha hesabu.

Injili ya leo yatupeleka Yerusalemu. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12. Wazazi wake walipanda kwenda kula Pasaka kama ilivyokuwa desturi yao, na katika kurudi walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto yumo katika msafara pamoja na jamaa. Walipomkosa walirudi mjini na hofu mioyoni. Siku ya tatu wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Aghalabu tunapoihubiri Injili hii twamtazama Mtoto, au twamtazama Mama mwenye uchungu. Leo, kwa ruhusa yenu, tuwatazame walimu wale. Kuna jambo jema walilotenda, nalo tulisifu. Walimpa mtoto mahali pa kuketi kati yao. Hawakumfukuza kwa sababu ya udogo wake, wala hawakumwambia kwamba maswali ni ya watu wazima. Walimsikiliza, naye akawasikiliza, na wote waliokuwapo wakashangazwa na akili yake. Heri mwanafunzi anayepata walimu wa namna hiyo!

Lakini, ndugu zetu, Luka hatuambii kwamba alikuwapo hata mmoja kati yao aliyeuliza: Mwanangu, umekuja na nani? Umelala wapi? Mama yako anajua kwamba uko hapa? Pengine waliuliza, na Mwinjili hakuliandika. Sisi hatutaki kuwahukumu. Hata hivyo ukimya huo unatupa swali la kujiuliza. Wakati walimu wakistaajabia akili ya mtoto, wazazi wake walikuwa wakimtafuta kwa machozi. Yawezekana basi mwalimu akaijua vizuri sana akili ya mtoto, asijue lolote juu ya nyumba anayotoka.

Swali hilo twaliuliza kwa aibu, maana sisi wenyewe limekwisha kutushinda. Kabla ya kuitwa katika utumishi wa altare tulifundisha miaka kadhaa katika shule moja ya msingi ya kijijini. Katika darasa la tano tulikuwa na mvulana mwenye akili nyepesi, msomaji hodari kuliko wenzake wote. Kosa lake lilikuwa utoro. Kila siku ya gulio hakuonekana darasani. Alikuwa huko akibeba mizigo ya wachuuzi ili apate senti. Tulimwadhibu, hakubadilika. Ndipo tukamwandikia baba yake barua ya kumwita shuleni, tukampa mtoto aipeleke. Baba hakuja. Tukaandika ya pili, hakuja. Tukaandika ya tatu, kwa maneno makali zaidi, hakuja. Tukasema moyoni mwetu: mzee huyu anaidharau shule.

Ukafika mkutano wa wazazi. Tulisimama mbele ya watu wote tukasoma majina ya wazazi waliopuuza wito wa mwalimu, na jina la mzee yule lilikuwa la kwanza. Akasimama taratibu, kofia mkononi, akasema: "Mwalimu, barua zote tatu nilizipata. Na daftari zote tatu nimenunua."

Watu waliangua kicheko. Sisi hatukuelewa. Baadaye tu ndipo tulipofahamu. Mzee yule hakupata kusoma, wala mkewe. Barua zetu zilisomwa na mtoto mwenyewe, naye kila mara alimsomea baba yake kwamba mwalimu anamsifu, tena anaomba mtoto anunuliwe daftari jipya. Na baba, kwa furaha ya sifa zile, aliuza kuku, akanunua.

Mzee alivaa kofia yake akatoka. Jumatatu mtoto hakuja shuleni, wala Jumanne. Nasi tulifanya nini? Tulikaa tukingoja. Tulisema: baba mtu aje kwanza, yeye ndiye mwenye kosa. Zikapita wiki mbili. Siku moja katekista wa kigango chetu, mtu wa maneno machache, alitukuta njiani akatuuliza: "Mwalimu, unamngoja nani?" Hatukuwa na jibu. Jioni ile ile tulikwenda.

Mvulana hakuwapo. Alikuwa amepelekwa mwaloni kwa mjomba wake, kujifunza kazi ya uvuvi. Juu ya rafu ndogo tuliyaona yale madaftari matatu. Mawili yalikuwa bado meupe, hayajaandikwa hata jina. Tulimwomba mzee msamaha kwa kumwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kitambo, kisha akatupa neno ambalo hatujalisahau hata leo: "Mwalimu, mwanangu amekuwa kwenu mwaka wa tano huu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa shule kuketi juu ya kigoda changu."

Mtoto alirudishwa, lakini si upesi. Alirudi mwaka uliofuata, akaanza tena darasa lile lile na wadogo zake. Alimaliza la saba, twamshukuru Mungu. Hata hivyo mwaka mzima wa maisha ya mtoto ulipotea. Udanganyifu wake ulikuwa kosa, naam, na alionywa. Lakini sisi watu wazima tulikuwa na njia ya miguu isiyozidi nusu saa kati ya shule na nyumba ile, na kwa miaka minne hakuna aliyeipita.

Wapendwa, katika habari hiyo nyote mwaona kosa letu lilikuwa wapi. Kuwaita wazazi wa mtoto mtoro si kosa, ni wajibu. Kosa letu lilikuwa kwamba tulimtafuta baba kwa mara ya kwanza siku ya shtaka. Kabla ya siku hiyo hatukuwa tumemsalimu, hatukuwa tumemsifia mwanawe, hatukujua kama anasoma au hasomi. Na katika vijiji na mitaa yetu mambo bado ndivyo yalivyo. Mzazi akisikia kwamba anaitwa shuleni, moyo unamdunda. Anajua ama mtoto amekosa, ama fedha inatakiwa. Tangu mwaka 2016 Serikali yetu ilipoondoa ada mpaka kidato cha nne, mzigo mmoja umepungua. Lakini mazoea ya kumwita mzazi kwa sababu ya fedha au kwa sababu ya kosa hayajaondoka. Nani atapenda kwenda mahali asikopata kusikia neno jema hata siku moja?

Kanisa limelitafakari jambo hili tangu zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba walimu hufanya kazi yao kwa kushirikiana nao. Maana yake ni kwamba mwalimu anapompokea mtoto asubuhi anapokea amana ya watu wengine. Mtu aliyeweka amana hutaka kuujua uso wa aliyempa.

Tena tunaye shahidi. Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa mjini Reims, nchini Ufaransa, mwaka 1651, katika jamaa yenye mali na heshima. Siku zile waliofundisha watoto wa maskini walikuwa watu wa kudharauliwa. Yeye aliwaingiza walimu wa namna hiyo nyumbani mwake, akala nao meza moja, ingawa ndugu zake walichukizwa. Hatimaye aliwagawia mali yake wenye njaa. Ndiye aliyeanzisha shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote. Katika shule zake kulikuwa na desturi inayotufaa leo. Mtoto aliletwa na mzazi wake au mtu wake wa karibu, na mkuu wa shule alizungumza na mtu huyo kabla ya kumpokea mtoto. Katika daftari la shule yaliandikwa jina la mzazi, kazi yake na mahali anapokaa, pamoja na tabia ya mtoto. Na mtoto akikosa kufika, alitumwa mwenzake kwenda nyumbani kuulizia habari zake siku hizo hizo. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, bila simu, bila gari, mwalimu alijua watoto wake wanarudi wapi jioni.

Basi sisi tufanye nini? Tungependa kuwaachia walimu na makatekista mashauri machache.

Kwanza, mwalimu atangulie. Asingoje mzazi aje. Twajua mtatujibu: "Padre, darasa langu lina watoto 80, nitazitembelea nyumba ngapi?" Ni kweli, na hatutaki kumtwika mtu mzigo usiobebeka. Lakini mwalimu anakutana na wazazi mahali pengi: sokoni, kisimani, msibani, kwenye mlango wa kanisa au wa msikiti. Hapo panatosha kusema, "Mimi ndiye ninayemfundisha mwanao, habari za nyumbani?" Anza na watano kwa mwezi. Anza na wale wanaokaa nyuma darasani, wasiosema neno. Nanyi makatekista mnao msaada mkubwa ambao shule haina, yaani jumuiya ndogo ndogo. Kila mtoto wa komunyo ya kwanza anayo jumuiya yake. Nendeni mkasali huko mara moja, mtawajua wazazi wake wote kwa usiku mmoja.

Pili, neno la kwanza liwe jema. Kabla hujamwambia mzazi habari ya utoro, awe amekwisha kusikia kutoka kinywani mwako kwamba mwanawe anasoma vizuri, au anawasaidia wenzake, au anaimba kwa sauti nzuri. Hakuna mtoto asiye na kitu cha kusifiwa. Yupo mwalimu ambaye hajatazama. Na sifa iwe ya kweli, maana mzazi anamjua mwanawe. Siku ile neno zito litakapokuja, mzazi atalipokea kama neno la mtu anayempenda mwanawe.

Tatu, kosa lisemwe faraghani. Sisi tulisoma majina hadharani, nanyi mmesikia tulichovuna. Siku hizi majina husomwa kwa njia nyingine: wazazi na mwalimu wana kundi lao katika simu, na humo huandikwa nani hajalipa mchango na mtoto wa nani amepata sifuri. Watu 50 wanasoma kwa dakika moja. Simu ni chombo chema. Itumieni kutangaza mkutano na kupeana habari. Lakini aibu ya nyumba ya mtu isiwekwe humo. Neno zito linataka watu wawili walioketi, wanaotazamana, na kama mzazi hasomi, neno la mdomo ndilo barua yake.

Nne, mwanafunzi asifanywe mtumwa wa kubeba mashtaka yake mwenyewe. Mtoto aliyepewa bahasha iliyofungwa, asiyejua hukumu iliyomo, ana majaribu mawili: kuitupa, au kuigeuza. Afadhali aketi pamoja nanyi, mwalimu na mzazi, aulizwe, asikilizwe, aseme sababu yake. Mvulana wetu alikwenda guloni kwa sababu ambayo sisi hatukuiuliza kamwe: alitaka kumnunulia mdogo wake viatu. Hatusemi kwamba utoro ulikuwa halali. Twasema kwamba walimu wa Yerusalemu waliacha mtoto aulize na ajibu, nasi tulikuwa na fimbo tu. Na kuhusu fimbo, kanuni za Serikali za mwaka 2002 ziliiweka mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, nayo iandikwe kitabuni. Mwalimu anayempiga mtoto kwa hasira anavunja kanuni, na pamoja nayo anavunja imani ya mtoto na ya nyumba yake, ambayo haishoneki upesi.

Hayo ni ya walimu. Lakini wazee wetu walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Nanyi wazazi mnalo figa lenu. Nendeni shuleni hata kama hamkuitwa. Mtu akipeleka ng'ombe wake kwa mchungaji huenda kumtazama. Itakuwaje amwache mwanawe miaka saba bila kumwuliza mwalimu neno? Msimseme vibaya mwalimu mbele ya mtoto, hata mkiwa na malalamiko. Yapelekeni kwake mwenyewe, au kwa mwalimu mkuu, au kwa kamati ya shule. Na wewe mzazi usiyejua kusoma, usione haya. Kila jioni mwambie mwanao alete daftari. Utaona kama kurasa zimeandikwa au ni nyeupe. Utaona alama ya vema na alama ya kosa. Na barua ikija, mpelekee katekista au jirani mwaminifu akusomee.

Nanyi watoto mnaotusikiliza, figa la tatu ni lenu. Ninyi ndio mnaotembea kila siku kati ya nyumba mbili, na mnajua mambo ya kila upande ambayo upande wa pili hauyajui. Msiyatumie kuwagombanisha wakubwa wenu wala kuwadanganya. Kama kuna shida nyumbani inayowazuia kusoma, mwambieni mwalimu mnayemwamini. Kama kuna shida shuleni, hata iwe ya kutisha, hata kama aliyekukosea ni mtu mkubwa, mwambie mama au baba. Hakuna siri ya namna hiyo ambayo Mungu anataka mtoto aibebe peke yake.

Wapendwa wasikilizaji, turudi Yerusalemu kumalizia. Mazungumzo ya hekaluni yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa mwisho wa habari. Luka anatuambia kwamba Yesu alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawa akiwatii, na huko akazidi kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Wazazi wake hawakuelewa yote aliyowaambia, lakini mama yake aliyaweka moyoni. Hekalu lilikuwa na saa zake; Nazareti ilikuwa na miaka yake.

Ndivyo ilivyo kwa watoto wetu. Kengele ya mwisho ikilia, kila mtoto anashika njia ya kurudi Nazareti yake. Wengine wanarudi penye chakula na taa. Wengine penye ugomvi, au ugonjwa, au bibi mzee aliyebaki peke yake na wajukuu. Mwalimu asiyeijua njia hiyo anafundisha nusu ya mtoto. Basi mwaka huu wa masomo, kabla ya kuandika barua ya kwanza ya kumwita mzazi, kila mmoja wetu ajiulize swali la yule katekista: ninamngoja nani?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi kati ya walimu nawe ukarudi nyumbani kuwatii wazazi wako, uwabariki walimu wetu na makatekista wetu. Uwape miguu myepesi ya kutangulia na ulimi mwepesi wa kusifu. Uwaondolee wazazi hofu na aibu. Uwalinde watoto wote walio njiani kati ya shule na nyumbani, na uwarudishe wale ambao kwa kosa letu wameiacha njia hiyo. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.